Kinanda cha Bwana Morita

Msomaji, kama umepata kusafiri kwa barabara itokayo Embu kwenda Meru, bila shaka umepita Nkubu. Migomba na mikahawa imeshika miteremko pande zote za mji, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana upande wa magharibi, karibu hata ungedhani waweza kuufikia na kurudi kabla ya adhuhuri. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukuta kinanda kilichotengenezwa Japani. Walakini kinanda hicho kipo mezani pangu wakati niandikapo maneno haya, nami nina deni juu yake. Heri ulijue deni hilo kabla hatujakwenda mbali.

Muhula uliopita mabweni yetu yalishindana kwa nyimbo, nami nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Masharti yalisema kwamba nyimbo ziandamane na vyombo vya asili. Bweni moja lilileta ngoma mbili, njuga za miguuni, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepakata kisanduku cheusi chenye nyuzi. Waliimba vizuri. Kile kisanduku kililia kwa sauti kali na nyembamba, kikaifuata sauti ya mwimbaji kama mtoto amfuatavyo mama yake sokoni. Mimi nilichukua kalamu nikaandika: “Banjo ni chombo cha kigeni, tena ni mchezo wa watoto.” Nikatoa alama 4 katika 10. Kikombe kikaenda bweni jingine.

Kesho yake kijana yule alinijia ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu, akasema: “Shikamoo, mwalimu. Umeandika kwamba ni banjo. Babu naye alikiita banjo. Lakini banjo ni ya nchi gani?” Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sina jawabu. Nilikuwa nimekihukumu kitu ambacho hata jina lake silijui. Nikamwomba aniachie kinanda chake majuma mawili. Insha hii ni jawabu nililomcheleweshea, nami naliandika mbele yako kwa kuwa hukumu yangu pia niliitoa mbele ya watu.

Kwanza tukitazame. Ni kisanduku chembamba cha mbao, urefu wake wapata sentimita 65, na rangi yake nyeusi imebanduka pembeni mahali ambapo viganja vya watu vimeisugua kwa miaka mingi. Nyuzi tano za waya zimetandikwa juu yake kutoka mwisho hata mwisho. Nne zapita chini ya kibati chenye vitufe vya mviringo. Wa tano umekaa kando peke yake. Vitufe nilivihesabu 23, vimepangwa safu mbili, na vile vya safu ya chini vimeandikwa tarakimu, 1 hata 7, kisha huanza tena. Upande wa nyuma pana chapa iliyofifia isemayo kwamba kilitengenezwa Japani. Babu wa kijana huyu alikuwa akipeleka miraa Mombasa, na watu wa nyumba yake husema kwamba alikinunua huko mwaka 1958, akakipakia katika lori lililokuwa likirudi tupu.

Je, ni banjo? Banjo ya kweli ni ngoma. Wewe uliyekulia huku huhitaji maelezo marefu kuhusu ngoma. Umewaona Wachuka, jirani zetu wa kusini, walivyo mashuhuri kwa ngoma ndefu wanazozibana mapajani, na unajua jinsi ngozi iliyowambwa sawasawa inavyoujibu mkono. Sasa chukua ngoma ndogo, ipenyeze shingo ya mti, kisha utandike nyuzi kutoka ncha ya shingo, zipite juu ya wambo, zifungwe upande wa pili. Ukiugusa uzi, mtetemo huingia katika ngozi, na ngozi ndiyo isemayo. Kwa hiyo mlio wa banjo hutoka kwa mkato, huruka mbali, hufa upesi. Ndiyo banjo hiyo.

Nayo asili yake ni Afrika, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Magharibi waliwamba ngozi juu ya vibuyu katika visiwa vya Karibi na katika mashamba ya Marekani, kama walivyofanya wazee wao. Daktari mmoja, Hans Sloane, aliyekaa Jamaika kati ya 1687 na 1689, alieleza vyombo vya namna hiyo na kutia picha zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1707. Hata leo Wajola wa Senegali na Gambia hupiga akonting, kibuyu chenye shingo ndefu na nyuzi tatu, na atazamaye hatakosa kuona udugu. Katika miaka ya 1840 mtengenezaji wa ngoma katika mji wa Baltimore, jina lake William Boucher, aliziunda banjo kwa pete za mbao na skrubu za chuma akaziuza dukani. Wakati huo huo wachekeshaji weupe walikuwa wakijipaka masizi usoni na kuipiga banjo ili kuwadhihaki Waafrika wale wale walioileta. Chombo kikanuka dhihaka, na watoto wa wenye kukileta wengi wakakiacha. Ilipofika 1945, na Earl Scruggs akaanza kuwashangaza Wamarekani kwa kupiga banjo kwa vidole vitatu, wasikilizaji wengi hawakujua kabisa kwamba ile ni ngoma ya Kiafrika iliyotiwa shingo.

Basi kama kijana wetu angalikuwa na banjo hasa, ningalikuwa nimemnyima alama kwa kuleta chombo cha Kiafrika! Walakini hakuwa nayo. Kisanduku hiki hakina ngozi wala shingo. Kimepewa jina la watu wengine, na safari ya jina hilo nitaieleza baada ya kumtaja aliyekitengeneza.

Jina lake la kisanaa ni Morita Goro, mtu wa Nagoya, mji wa viwanda na mafundi katika Japani ya kati. Alikuwa mpigaji wa kinanda cha Kijapani cha nyuzi mbili, na husimuliwa kwamba alisafiri Ulaya na Marekani akipiga muziki wake. Huko aliiona mashine ya kupigia chapa. Mamia ya maelfu ya watu wa zama zake waliiona mashine hiyo wasifikirie lolote ila barua. Yeye alifikiri nyuzi. Mwaka 1912 alitoa chombo kipya, na kwa kuwa mwaka huo ndio mfalme mpya alipokalia kiti na enzi yake ikaitwa Taisho, chombo kikajulikana kwa jina la taishokoto, yaani koto ya enzi ya Taisho. Koto ni kinanda kikubwa cha kale cha Wajapani, chenye nyuzi 13, ambacho hujifunzwa kwa miaka na miaka chini ya mwalimu.

Tazama sasa fundi huyu alivyotatua shida. Anayejifunza kinanda cha nyuzi hupata tabu mbili. Mkono wa kulia lazima ujue kuupiga uzi, na mkono wa kushoto lazima ujue mahali pa kuukandamiza. Tabu ya kwanza ni ndogo. Ya pili ndiyo imewatoa machozi wanafunzi wa udi na fidla, kwa sababu kidole kikikosea upana wa punje ya mchele, sauti huharibika. Morita aliiondoa ile tabu ya pili. Bonyeza kitufe, na kipande cha chuma hushuka juu ya uzi mahali palipopimwa kiwandani. Huwezi kukosea. Tarakimu zipo ili hata asiyejua kusoma muziki asome 5, 3, 1 kama mtoto asomavyo hesabu. Kilikuwa chombo cha mtu wa kawaida, cha bei rahisi, cha kupigiwa nyumbani jioni kazi inapokwisha. Kilienea katika Japani upesi, kisha kikaanza kusafirishwa.

Mhakiki mwaminifu lazima aseme na hasara. Kila kifaa kiondoacho tabu huondoa pia na kitu kingine. Mpigaji wa udi ana uhuru baina ya sauti na sauti. Aweza kuteleza, aweza kusimama katika robo ya sauti, aweza kuutetemesha uzi kwa ncha ya kidole mpaka ukalia kama mtu. Taishokoto ina sauti 12 tu ambazo kiwanda kilizichagua, na kati ya kitufe na kitufe hamna kitu. Isitoshe, mlio wake ni mwembamba. Hauwezi kushindana na ngoma bila kipaza sauti. Nilipokijaribu mezani usiku wa kwanza, nikicheza nyimbo za kanisani kwa tarakimu, nilijisikia kama karani anayepiga chapa barua ndefu. Nikajisemea, “Nilihukumu sawa. Ni mchezo wa watoto.” Kosa langu la pili lilikuwa hilo, nalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu nilikisikiliza chombo mikononi mwa asiyekijua, yaani mimi mwenyewe.

Turudi kwenye safari yake. Kusini mwa Asia taishokoto ilipata makao mapya. Wahindi waliiita bulbul tarang, maana yake mawimbi ya bulbul, ndege mwimbaji. Lakini mitaani wakaiita banjo tu. Nadhani jina la banjo lilikuwa limekwisha kuvuma duniani, na chombo kigeni chenye nyuzi na mlio mkali kikalivaa kama mtu avaavyo kanzu ya ndugu yake. Wabaluchi wa pwani ya Makran waliichukua pia, wakaikuza umbo, wakaiongezea nyuzi za kuvuma, wakaiita benju, na leo ni fahari ya muziki wao. Hakuna Mbaluchi aonaye haya kwamba ilianzia Nagoya.

Na Mombasa? Bandari ile ilikuwa mlango wa Wajapani pia. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida kuja Afrika ya Mashariki, na katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Kijapani zilijaa madukani kwa bei ambayo Manchester haikuiweza. Kanga nyingi walizojitanda bibi zetu zilichapwa Japani. Bahari hiyo hiyo iliunganisha Mombasa na Bombay na Karachi, na kwa njia hiyo zikaja filamu za Kihindi na nyimbo zake. Mji wenye Wahindi, Wabaluchi, Waarabu na Waswahili, wote wakisikia filamu zile zile, ulikuwa tayari kukipokea kisanduku hiki. Huko kimeshika majina yote mawili: wanamuziki wa taarab husema taishokoto, na wengine wasiokuwa wanamuziki, kama babu wa kijana wetu, husema banjo.

Hapa ndipo uhakiki wenyewe unapoanza, maana mpaka sasa nimesimulia tu. Swali ni hili: wanamuziki wa Mombasa walikifanyia nini chombo ambacho fundi wake alikikusudia kwa nyimbo nyepesi za sebuleni?

Taarab ya Mombasa ina matawi mengi. Kuna ile ya udi, ambayo Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wake. Ukimsikiliza, utasikia uzi unavyoongoja neno la mshairi, ukilizunguka, ukisogea kwa hatua ndogo zisizo na jina katika tarakimu za Bwana Morita. Nasema wazi kwamba taishokoto haiwezi kuingia humo ikatoka na heshima yake. Anayeipiga katika wimbo wa polepole wa mtindo wa Kiarabu atalazimika kuchagua sauti iliyo juu kidogo au iliyo chini kidogo ya ile atakiwayo, na sikio lililozoea udi litakereka. Sifa hazimfai mtu anaposifiwa kwa kile asichokiweza, wala hazikifai kinanda.

Tawi jingine ni lile lililopenda lahani za filamu za Kihindi. Mwimbaji wake mkuu alikuwa Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, yule ambaye diwani yake Malenga wa Mvita baadhi yenu mmeisoma. Lahani hizo zilizoea kuandamana na hamoniamu, kinanda cha kupulizwa kwa mkono, ambacho nacho kina sauti zilizokatwa kiwandani. Kwa hiyo vitufe havikuwa na ugomvi na lahani. Mahali ambapo chombo cha mkononi hakiwezi kuteleza, wapigaji hubonyeza kitufe cha jirani kwa upesi na kukiachia, mara mbili tatu, kabla ya kutua. Sikio hudanganyika kwa furaha, likadhani limesikia mtelezo.

Walakini ushindi wa taishokoto, kwa maoni yangu, umo katika chakacha. Chakacha ni ngoma ya wanawake arusini, ya viuno na ya haraka, na mapigo yake huzunguka kwa sita. Zuhura Swaleh, mwimbaji mwanamke wa Mombasa, aliichukua miondoko hiyo akaitia katika taarab yake, na katika nyimbo zake taishokoto ndiyo huongoza vyombo. Ukibahatika kuipata Jino la Pembe, isikilize mara ya kwanza kwa ajili ya sauti yake, maana ni sauti ya mtu asiyeogopa kusema. Mara ya pili sikiliza kisanduku tu. Utasikia mambo matatu ambayo mimi nilihitaji majuma mawili kuyasikia.

La kwanza ni mkono wa kulia. Mpigaji hapigi uzi mara moja akangoja ufe. Anaupiga kwenda na kurudi, kwa haraka sana, hata noti moja ikawa kama mvua juu ya bati. Kwa namna hii udhaifu wa uzi mwembamba unaokufa upesi umegeuzwa kuwa nguvu: hauachwi ufe. Na kila pigo la kurudi laweza kuangukia pigo la ngoma au kulikwepa kwa makusudi. Morita aliondoa tabu katika mkono wa kushoto. Wamombasa wakaona kwamba mkono wa kulia sasa una nafasi, wakauhamishia ufundi wote.

La pili ni kuitikiana. Mwimbaji akimaliza mshororo, taishokoto hurudia lahani ile ile au huijibu, na kwa kuwa vitufe havikosei, jibu hutoka safi hata kwa mwendo ambao ungemchosha mpigaji wa udi. Sauti ya mwanamke ni ya mwili na pumzi. Sauti ya kisanduku ni ya chuma. Zikikaa pamoja, haziwezi kudhaniwa kuwa kitu kimoja, na kwa sababu hiyo kila moja husikika. Kama chombo kingekuwa kitamu zaidi, kingeififisha.

La tatu ni kuvuma. Nyuzi nyingine zimelinganishwa kwa sauti moja, na mpigaji akizigusa njiani, chini ya lahani hubaki mvumo usiobadilika, kama mdundo wa nyuki mzingani. Sidhani kwamba Morita aliuthamini sana mvumo huo. Katika chombo cha kujifunzia ulikuwa pambo tu. Katika chakacha ndio sakafu ambayo miguu ya wachezaji husimama juu yake.

Sasa waweza kuona kwa nini nilikosea nilipoandika “mchezo wa watoto.” Chombo rahisi kujifunza si lazima kiwe rahisi kukipiga vizuri. Mtu yeyote aweza kupiga filimbi ya mwanzi, lakini ni wangapi unaowasikiliza?

Nililiandika pia neno “kigeni,” na hilo ni gumu zaidi kulifuta, kwa sababu masharti ya mashindano yalikuwa upande wangu. Sitaki kusema kwamba neno “asili” halina maana. Ngoma za Chuka zina asili hapa, na kama shule hazitazilinda kwa masharti, vijana watazibadilisha kwa spika. Lakini fikiri. Udi tunaouheshimu pwani ulitoka Arabuni. Fidla ilitoka Ulaya. Kodiani, ambayo wazee wa upande wa pili wa Mlima Kenya waliichezea mwomboko tangu zama za ukoloni, nayo ilitoka Ulaya, na hakuna anayethubutu kuwaambia kwamba mwomboko si wao. Sikuwahi kumnyima mtu alama kwa ajili ya kodiani. Kwa nini basi taishokoto? Nilipojichunguza niliona kwamba sababu haikuwa ugeni wake, bali ugeni wake kwangu mimi. Kodiani niliizoea, hiki sikukizoea. Hicho si kipimo ambacho mwamuzi aweza kukitumia.

Tena pana jambo lililonisumbua zaidi. Kijana yule hakuwa ameokota kinanda dukani. Alikirithi. Babu yake alikipiga nyumbani Imenti kwa miaka, akiingiza nyimbo alizozisikia Mombasa katika lugha ya Kimeru, na wimbo ulioimbwa na bweni ulikuwa mmoja wao. Hapo kilikuwa kimeishi katika nyumba moja vizazi vitatu. Kama miaka sitini na zaidi haitoshi kukifanya kitu kuwa cha nyumbani, itabidi tuseme pia kwamba kahawa iliyo mbele ya dirisha langu ni ya kigeni, kwa maana haina umri mkubwa sana kuliko huo katika miteremko hii, nayo ndiyo iliyotulipia wengi wetu karo.

Yuko mtu atakayesema kwamba najisumbua bure, kwani chombo chenyewe kinapita. Ni kweli kwa sehemu. Katika taarab ya siku hizi kinanda cha umeme kimechukua mahali pa vyombo vingi, na kitufe kimoja chake hutoa sauti ya fidla, kingine ya filimbi, kingine ya taishokoto. Nimesikiliza ule mwigo. Sauti inafanana, walakini mkono wa kulia haupo. Hakuna kwenda na kurudi, hakuna waya unaoguswa kwa bahati ukavuma. Ni ajabu kidogo: kinanda cha umeme kimekamilisha wazo lile lile la Morita la kuondoa tabu, kikaondoa na ile aliyoiacha. Nadhani alifanya vema kuiacha.

Juzi nilimrudishia kijana kinanda chake. Hatukuwa na sherehe. Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi, akakilaza mapajani, akazilinganisha nyuzi nne kwa kuzigusa na kuzisikiliza, pole pole, kama nilivyosoma kwamba hufanywa na kama ambavyo mimi sikufanya usiku ule nilipokilaumu. Kisha akapiga wimbo wa babu yake toka mwanzo. Mkono wake wa kulia bado ni mzito. Hukawia katika kurudi, na mara mbili mwendo ulimponyoka. Nilimwambia hivyo. Mkono wa kushoto ni mwepesi sana, na ile hila ya kugusa kitufe cha jirani anaijua, ingawa hakufundishwa na yeyote isipokuwa mzee mmoja ambaye hayupo tena. Nilimwambia na hilo pia. Matokeo ya mashindano hayabadiliki, na kikombe kiko mahali kilipo. Lakini karatasi yangu ya alama nimeiandika upya, nimeweka 7, nimetia saini, na nimeibandika ubaoni chini ya ile ya kwanza.

Uzi wa tano ulikatika mikononi mwangu katika juma la pili, na hilo pia ni deni. Hapa Nkubu sikupata duka liuzalo nyuzi za namna hiyo. Tulijaribu waya wa breki ya baisikeli, ukawa mnene mno. Tukajaribu uzi wa gitaa, ukavuma vizuri siku moja kisha ukalegea. Nimemwandikia rafiki yangu aliye Mombasa, nikampa kipimo.